Betri za taa za dagaa: jua kilichomo ndani kabla ya kuichaji

Taa ya dagaa ikififia saa nane usiku katikati ya ziwa, lawama ya kwanza huiangukia betri na ya pili aliyeiuza. Mara nyingi betri yenyewe haikuwa mbovu; ilitunzwa kama betri ya aina nyingine. Betri ya risasi ukiiacha siku kadhaa ikiwa imeisha, unaiua. Betri ya lithiamu ukiihifadhi imejaa pomoni mahali penye joto, inazeeka kabla ya wakati. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niichaji saa ngapi?", uliza ndani mna nini, na kilichomo kinageuka kuwa nini umeme unapotoka. Ukishajua hilo, mengi ya kuchaji na kuhifadhi utayapata mwenyewe bila kukariri.

Maelezo haya ni ya wanaovua dagaa kwa taa za umeme, Igombe, Kayenze, Ukerewe (Ziwa Victoria) na kwingineko mwaloni, pamoja na mafundi wanaowachajia betri.

Seli inavyofanya kazi

Seli yoyote ina sehemu tatu: kitu kinachoachia elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, kwa urahisi (upande hasi), kitu kinachozipokea (upande chanya), na katikati elektrolaiti, yaani kimiminika au uji unaopitisha ioni (atomu zenye chaji) lakini usiopitisha elektroni. Kwa kuwa ndani hazina njia, elektroni zinalazimika kuzunguka nje kwenye waya, na huko ndiko zinakowasha taa. Volti huamuliwa na jozi ya vitu vilivyotumika, si ukubwa wa seli. Ndiyo maana betri kubwa ya tochi na ndogo ya rimoti zote ni volti 1.5. Kubwa inadumu zaidi kwa sababu tu ina malighafi nyingi ya kutumia.

Ukitaka kuyaona haya mezani, tengeneza seli ya Daniell, iliyovumbuliwa mwaka 1836. Yeyusha gramu 25 za mrututu (salfeti ya shaba) ndani ya maji, kisha ongeza maji hadi mililita 100, umimine kwenye glasi. Tumbukiza humo waya au kipande cha bomba la shaba kilichosuguliwa kwa msasa. Chukua kikombe kidogo cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi, kiloweke maji kwanza, kijaze maji yenye kijiko cha chai cha chumvi, weka ndani kipande cha zinki kutoka kwenye kopo la betri kuukuu ya tochi, kisha kisimamishe ndani ya ile glasi. Gusisha ncha moja ya mita ya umeme kwenye zinki na nyingine kwenye shaba; ikiwa kwenye volti za DC itasoma karibu 1.1. Zinki inaliwa (Zn → Zn²⁺ + 2e⁻) na shaba mpya inajipaka juu ya shaba (Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu). Zinki ikianza kuwa nyeusi, ujue mrututu umepenya na kuifikia: shaba inajipaka juu ya zinki moja kwa moja, elektroni hazipiti tena kwenye waya, na volti zinashuka. Mrututu ni sumu kwa samaki na kwa watu. Usiumwage ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea ziwani.

Betri za tochi

Hizi hazichajiwi. Za bei ya chini ni za zinki na kaboni, kizazi cha seli aliyoibuni Georges Leclanché mwaka 1866. Kopo lenyewe la zinki ndilo upande hasi, kwa hiyo linaliwa kadiri unavyotumia, gramu 1.2 hivi kwa kila ampea-saa (mkondo wa ampea moja kwa saa moja). Kopo likitoboka, uji wenye chumvi za klorini unatoka na kula springi ya tochi. Betri ikiisha, itoe siku hiyohiyo.

Za alkalini hutumia zinki ya unga na haidroksaidi ya potasiamu, na zinastahimili mzigo mkubwa zaidi. Unga mweupe unaouona zikivuja ni wa alkali, hivyo unasafishwa kwa matone ya siki au ndimu, kisha kitambaa chenye maji kidogo. Usichanganye mpya na kuukuu ndani ya tochi moja: iliyo dhaifu inamalizwa kabisa na kulazimishwa kwenda kinyume, ndipo inapovuja.

Betri ya risasi na asidi

Hii ndiyo inayotumika sana na ndiyo inayouawa zaidi. Ndani ya betri ya volti 12 kuna vyumba sita, kila kimoja seli ya takriban volti 2. Bamba hasi ni risasi yenye vitundu kama sponji, bamba chanya ni daioksaidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na kati yake asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na kemia yake ni ileile mpaka leo. Umeme unapotoka:

Hasi: Pb + HSO₄⁻ → PbSO₄ + H⁺ + 2e⁻
Chanya: PbO₂ + HSO₄⁻ + 3H⁺ + 2e⁻ → PbSO₄ + 2H₂O

Isome polepole mistari hiyo miwili, maana makosa mengi yanayoua betri hizi yamo humo.

Kwanza, pande zote mbili zinageuka kuwa kitu kimoja, salfeti ya risasi. Taa zikila ampea-saa 20 kwa usiku, ndani ya vyumba vyote sita huzaliwa zaidi ya kilo moja na robo ya salfeti. Ikiwa changa ni chembe laini, na chaji inairudisha kuwa risasi, daioksaidi na asidi. Ikikaa siku na wiki, chembe zinaungana kuwa fuwele kubwa ngumu, na chaji ya kawaida haizivunji tena. Betri iliyofikia hapo inajaa upesi na kuisha upesi: mita inasoma vizuri mchana, usiku taa hazifiki saa tatu.

Pili, asidi inatumika na maji yanazaliwa. Kwa kuwa asidi ni nzito kuliko maji, haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, inakuonyesha betri imebaki na nini. Iliyojaa husoma karibu 1.27, ya nusu karibu 1.20, na inayokaribia 1.12 imeisha. Baadhi ya betri za nchi za joto hujazwa asidi nyepesi ya karibu 1.24 zikiwa zimejaa, kwa hiyo soma kibandiko, au pima betri yako ikiwa mpya na imejaa, uandike namba hiyo kwa maka pen ubavuni mwake.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa baya kuliko yote: haidromita inasoma chini, mtu anaongeza asidi. Asidi haikupotea. Imo kwenye mabamba kama salfeti, na itarudi betri ikichajiwa. Ukiongeza nyingine, siku betri ikijaa asidi inakuwa kali kupita kiasi na inakula mabamba. Kinachopungua katika matumizi ya kawaida ni maji tu, na maji tu ndiyo yanayorudishwa. Madukani chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi hufanana sana. Soma kibandiko kabla ya kufungua.

Maji yenyewe yawe yale yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke. Maji ya ziwa yanaonekana safi lakini yana madini yaliyoyeyuka, na chuma na klorini ndiyo mabaya zaidi: yanafanya betri ijimalize yenyewe ikiwa imekaa, au yanakula fremu za mabamba. Mvua iliyopita juu ya bati imebeba zinki na kutu. Hiyo nayo acha.

Kuichaji hatua kwa hatua

Chajia mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa, karabai na sigara. Vaa glavu za mpira na miwani. Futa juu ya betri kwa maji yenye baikaboneti ya soda huku vifuniko vya vyumba vikiwa vimefungwa, soda isiingie ndani, kisha suuza na ukaushe. Uchafu wenye asidi juu ya betri unapitisha umeme kidogo kidogo usiku na mchana kutoka nguzo moja (ncha inayofungwa waya) hadi nyingine.

Fungua vifuniko uangalie. Mabamba yakiwa yamezama, usiongeze maji bado. Yakiwa wazi, weka maji ya kuyafunika tu. Kujaza hadi alama hufanyika baada ya chaji, kwa kuwa kimiminika hupanda kadiri betri inavyojaa. Ukijaza mapema, asidi itafurika.

Funga klipu kwanza, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, ndipo uwashe chaja. Kuzima ni kinyume chake: zima chaja, kisha toa klipu. Cheche ya klipu juu ya betri inayotoa gesi ndiyo hulipua.

Mkondo uwe takriban sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: ya ampea-saa 40 ichajiwe kwa ampea 4. Ikiwa imetumika nusu, itachukua saa 7 hadi 8, kwa sababu sehemu ya mwisho huenda polepole. Volti zipande hadi 14.4 na zibaki hapo mpaka mkondo ushuke chini ya ampea moja hivi. Kwa uhakika zaidi, pima kwa haidromita kila baada ya saa moja. Usomaji ukirudia uleule mara tatu, imejaa. Pima vyumba vyote sita. Kimoja kikiwa chini ya vingine kwa 0.050 baada ya chaji kamili, chumba hicho kimekufa, na ungojee kuachwa gizani.

Betri iliyokwisha kujaa ukiendelea kuisukuma, umeme unaanza kuvunja maji: 2H₂O → 2H₂ + O₂. Kila ampea-saa ya ziada inaondoa takriban mililita 2 za maji katika betri nzima na kutoa karibu lita 3 za haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa, inashika moto. Banda la kuchajia lenye betri kumi na mlango uliofungwa linafika huko bila mtu kunusa lolote, kwani haidrojeni haina harufu. Acha upenyo juu, chini ya paa, kwa sababu gesi hii inapanda.

Kama unatumia mita badala ya haidromita, iache betri ipumzike angalau saa mbili baada ya chaji au matumizi, bila taa wala chaja. Volti 12.6 hadi 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 11.9 imeisha. Volti zinazosomwa mara tu baada ya kuchaji ni za uongo.

Neno moja kwa wenye betri za gari. Betri ya gari ina mabamba membamba mengi, imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Kuwasha taa usiku kucha kunaivua malighafi ya mabamba na kuiangusha chini, na tope hilo likifika mabamba, chumba kinapiga shoti. Kwa dagaa nunua ya sola, yenye mabamba mazito, na hata hiyo usiipitishe chini ya nusu.

Mtumbwini ifunge ndani ya boksi la plastiki lisilopinduka, mbali na nyavu. Nailoni haiivumilii asidi ya salfuriki. Wavu uliorushiwa matone hauonyeshi kitu siku hiyo. Baadaye matundu yanafunguka ukivutwa, na watu wanadhani ni panya. Ikimwagika, mwagia maji mengi kisha soda. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka si chini ya dakika 15, kisha hospitali.

Betri ya lithiamu

Hapa hakuna bamba linaloyeyuka na kuumbwa upya. Ioni za lithiamu zinatoka kwenye grafaiti upande hasi na kujichomeka upande chanya, na chaji inazirudisha:

Hasi: LiC₆ → C₆ + Li⁺ + e⁻
Chanya: FePO₄ + Li⁺ + e⁻ → LiFePO₄

Ndiyo maana haina cha kuongezwa maji, haina salfeti, na ya chuma na fosfeti inavumilia mizunguko maelfu pale ambapo ya risasi inavumilia mamia.

Tatizo ni kwamba jina "lithiamu" linafunika kemia zaidi ya moja. Tazama namba kwenye seli. Ikiandikwa 3.2 V ni ya chuma na fosfeti: inajaa kwa volti 3.65 na isishuke chini ya 2.5. Ikiandikwa 3.6 au 3.7 V ni ya kobalti au nikeli: inajaa kwa 4.2 na isishuke chini ya 3. Seli nne za aina ya kwanza zinatoa volti 12.8 na kuchajiwa kwa 14.6, karibu sawa na betri ya risasi. Seli tatu za aina ya pili zinatoa 11.1 na kujaa kwa 12.6. Sasa ifunge hiyo ya pili kwenye chaja ya risasi ya volti 14.4: kila seli inasukumwa hadi 4.8. Kama kidhibiti kilichomo ndani hakitakata, hapo ni moto, na moto wa seli hizi unatoa oksijeni yake wenyewe. Kuufunika hakuuzimi. Ondoa watu, epuka moshi, mwagia maji mengi ili kuzipoza seli za jirani.

Hata kwa ya 12.8 V, tumia chaja ya lithiamu. Baadhi ya chaja za risasi zina hatua ya kuvunja salfeti inayopandisha volti zaidi ya 15. Kwenye chaji kontrola ya sola chagua aina sahihi ya betri kabla ya kufunga paneli.

Mita haikusaidii kujua imebaki kiasi gani. Betri ya 12.8 V inasoma kati ya 13.0 na 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha inaporomoka. Taa haififii kukupa taarifa. Kidhibiti kinakata na giza linaingia ghafla. Hesabu saa ulizowasha, na uwe na tochi yenye betri zake. Ikisoma sifuri baada ya kukata, si lazima iwe imekufa: chaja sahihi huiamsha. Lakini seli moja moja ikikutwa chini ya volti 2, usikubali fundi aistue kwa betri ya pikipiki. Volti zikishuka hivyo, foili ya shaba ndani huanza kuyeyuka, na ukichaji inajijenga upya mahali pasipofaa na kupiga shoti ndani kwa ndani. Iliyovimba nayo usiitoboe.

Ukubwa gani ununue

Taa nne za wati 6 ni wati 24. Gawanya kwa volti 12 upate ampea 2. Kwa saa 10 za usiku ni ampea-saa 20. Ya risasi, kwa kuwa unatumia nusu tu, iwe 40 au zaidi. Ya lithiamu, ukitumia asilimia 80, inatosha ya 25, na uzito wake ni robo hivi ya ile. Kuirudishia ya risasi chaji ya usiku mmoja kwa sola, paneli ya wati 100 inatosha siku yenye saa 5 za jua zuri. Siku za masika ongeza paneli, au uwe na fedha ya kuchajisha kwa fundi.

Waya nao una sehemu yake. Ukivuta waya mita 10 hadi kwenye taa, umeme unasafiri mita 20 kwenda na kurudi. Kwa ampea 2, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 unakula volti 1.4 njiani, wa 1.5 unakula chini ya nusu volti. Taa ikiwa hafifu wakati betri imejaa, pima volti kwenye taa yenyewe. Kisha angalia nguzo: unga wa buluu na mweupe ni salfeti za shaba na risasi, zinazaliwa pale asidi inapokutana na waya. Toa klipu, osha kwa soda, sugua mpaka ing'ae, funga tena, ndipo upake mafuta ya mgando juu. Ukipaka kabla ya kufunga, unaweka kizuizi katikati.

Mbalamwezi

Siku ambazo mwezi unaangaza na dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika. Hapo ndipo betri nyingi za risasi zinapofia: zinarudi asubuhi ya mwisho wa giza zikiwa zimeisha, zinapangwa stoo, na hakuna anayezigusa mpaka giza lijalo. Siku zote hizo salfeti inakuwa fuwele. Ichaji asubuhi hiyohiyo mpaka ijae kabisa, itenge na nyaya zote. Ikiwa itakaa zaidi ya mwezi, ichaji tena kila mwezi.

Ya lithiamu ifanyie kinyume. Iache na nusu hivi ya chaji, mahali pakavu na penye kivuli, si chini ya bati linalochemka mchana, kisha ijaze siku moja kabla ya kurudi ziwani. Kwenye stoo yenye aina zote mbili, weka rafu mbili na uandike ukutani ipi ni ya nini, kwa sababu anayefungua stoo si mara zote anayejua.

Betri ya risasi iliyokufa muuzie mnunuzi wa chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani. Usiimwage asidi, na usiyeyushe mabamba nyumbani: moshi na vumbi la risasi vinaharibu ubongo wa watoto, na vinabaki kwenye udongo wa uani miaka mingi. Seli za lithiamu funika nguzo zake kwa tepu kila moja peke yake kabla ya kuzikusanya, maana hata iliyokwisha ina chaji ya kutosha kuwasha kiroba.